Soya ya Ndama wa Siku Tano

Jumanne, kwenye duka la dawa za mifugo pale Misungwi, mbele yangu alisimama mama mmoja aliyeshika kamba ya ndama. Ndama hakuwepo.

"Shikamoo, mzee," alimwambia muuzaji. "Ndama wangu aliharisha siku mbili, leo nimemkuta amekufa."

"Marahaba, mama. Pole. Ulikuwa unamnywesha nini?"

"Maziwa ya unga, yale ya soya. Ya mama yake napeleka kuuza kituo cha maziwa."

"Ulimwanzishia lini?"

"Akiwa na siku tano."

Muuzaji alivua miwani. "Tumbo la ndama mchanga haliwezi soya, mama. Wiki tatu za mwanzo mpe maziwa ya ng'ombe. Nani alikwambia soya inatosha?"

"Mwanangu alinisomea gazetini. Waliandika ni sawa na maziwa, tena nafuu."

Aliyeandika ni mimi, katika safu hii hii. Niliandika hilo kwa sentensi moja, bila kumuuliza mfugaji hata mmoja. Umri wa ndama sikuutaja, maana sikujua kama una uzito.

Mama aliizungusha kamba mkononi, akaaga. Muuzaji akanigeukia, akaniuliza nahitaji nini. Nikaomba dawa ya kuku.

Sifugi kuku.