Pipa la Mama Mkwe
Nina hasira, na safari hii ni juu yangu mwenyewe. Biashara ya kahawa ilipokuwa huria, nikafufua pikapu ya zamani ya baba. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, nikapasua pipa langu la nyuma ya banda bila hata kuliosha tope, nikalichomelea.

Wiki hiyohiyo pipa la mama mkwe, lililoazimwa msibani, halikurudi. Nikawatukana majirani: "Wezi wakubwa nyie! Pipa limeandikwa jina la mwenyewe, linapoteaje?"

Jumapili nikampakia mama mkwe kwenda kanisani, bado nafoka. Mteremko wa Matiri, kwa utelezi wa mvua, ukatulaza ubavu. Tukatoka wazima, majirani wakaja kuinua gari. Wakasimama. Mvua ilikuwa imeosha tumbo la gari, na jina la mama mkwe lilisomeka kwa rangi nyeupe.

"Mkwe," akaniambia, "endelea kutukana. Wote wapo."