Shahidi Aliyekuwa Amelala

Consolée aliuza vitenge katika soko la Bwera, na kwa miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kumwambia, "Tueleze taratibu, tunakusikiliza." Wateja walitaka bei, si hadithi. Basi dogo la Yowasi, likiendeshwa na dereva wake, lilipogonga ng'ombe karibu na Kinyamaseke na kupinduka mtaroni, naye Consolée akatolewa ndani yake akiwa na bega bovu na usingizi machoni, hakujua kwamba siku zake za kusikilizwa zimewadia.

Kampuni ya bima ilikataa kulipia gari, ikidai dereva alikwenda kasi kuliko mkataba unavyoruhusu. Wakapeleka ugomvi kwa msuluhishi, mtu aliyechaguliwa na pande zote mbili aamue badala ya mahakama. Yowasi akaja sokoni kutafuta abiria wa kumtetea.

"Mama, uliona?"

Consolée alikuwa amelala tangu Kikorongo. "Niliona yote," akasema.

Akaenda amevaa kitenge kipya. Wakampa kiti chenye mto na chupa ya maji, na msuluhishi akamsihi asiogope. Nani aogope? Alieleza jinsi dereva alivyokwenda mwendo wa maharusi. Alimwelezea ng'ombe: mweupe, pembe moja imevunjika. Habari ya pembe hakuna aliyemuuliza; aliiongeza tu, maana karani alikuwa anaandika vizuri. Msuluhishi akaamua dereva hakuwa na kosa, na Yowasi akalipwa gari lake.

Bega halikupona. Msimu wa mvua ulipofika, Consolée hakuweza kuinua hata robota dogo la vitenge. Daktari akasema kuna kitu kimechanika ndani, kinahitaji kushonwa. Yowasi alipoombwa msaada wa matibabu, alijibu kwamba dereva wake amekwisha kusafishwa, tena na Consolée mwenyewe. Ndipo Consolée akaenda Kasese kwa wakili Mackline ili amshtaki Yowasi.

Mackline alisoma uamuzi wa msuluhishi mara mbili. "Huu haukufungi, mama. Ulikuwa ugomvi wa Yowasi na bima, juu ya gari. Wewe ulikuwa shahidi tu. Hukudai kitu, wala hukupata nafasi ya kumhoji mtu. Bega lako halikuamuliwa pale."

Consolée akashusha pumzi.

"Lakini maneno yako ni yako. Watakusomea."

"Yote?"

"Hata ile pembe."

Mahakamani, wakili wa Yowasi alidai swali la kosa limekwisha kujibiwa na msuluhishi. Hakimu akamkatalia, kwa sababu zile zile za Mackline. Basi wakili akamgeukia Consolée, akamsomea ushahidi wake neno kwa neno. "Haya uliyasema au hukuyasema?"

Consolée alitazama viti vya nyuma. Nusu ya soko la Bwera ilikuwa imekuja kumtia moyo.

"Nilisema, muheshimiwa. Lakini nilikuwa nalala. Sikuona ng'ombe. Sikuona hata barabara."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Balinipa kiti," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Mkalimani aliyekuwa akimtafsiria hakimu kwa Kiingereza alisita kidogo, kisha akatafsiri hivyo hivyo.

Aliyemwokoa ni Okot, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa ameketi nyuma yake ndani ya basi siku ya ajali. Alitoa ushahidi akiwa amesimama wima kama mbele ya mkubwa wake: dereva alikuwa anaangalia simu, na ng'ombe, ambaye alikuwa mweusi, alikuwa amesimama barabarani muda mrefu.

"Na huyu mama?" hakimu akauliza.

"Alikuwa anakoroma, afande. Mimi nilifikiri ni injini."

Hakimu aliwaamini Okot na daktari, akaamuru Consolée alipwe fidia ya bega. Juu ya ushahidi wake yeye aliandika mstari mmoja: kuhusu namna ajali ilivyotokea, mdai hakuisaidia mahakama kwa lolote. Mackline alipousoma kwa sauti, Consolée aliomba aurudie. Alisema tangu azaliwe Butembo hajawahi kuelezewa kwa usahihi namna hiyo.

Alipasuliwa kabla ya Noeli. Sasa mkono unafika usawa wa sikio, haupandi zaidi. Vitenge vya rafu ya juu hushushiwa na jirani yake wa sokoni, Rahmah, naye Rahmah hushusha anavyovipenda yeye.