Nilimvunja vidole mwenzangu kwa sababu ya kiti

Admin, jina langu lifiche, maana Morogoro ni ndogo na watu wa kanisani kwetu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, fundi cherehani, naishi Mwembesongo na wanangu wawili. Nina hasira za karibu, najijua. Ndoa yangu iliisha siku tuliyopigana na mume wangu mpaka meza ya kioo ikapasuka, na aliyeshonwa nyuzi ni yeye.

Kitu pekee kinachonituliza ni violini. Kanisani tuna okestra ndogo. Wapiga violini tuko kumi, tunakaa wawiliwawili, kila wawili na stendi moja ya noti. Miaka saba nilikaa mbele kabisa, pembeni ya kiongozi wetu, na kiti kile nilikitolea jasho. Mwaka huu nikaenda Matombo kwenye msiba wa mama mkubwa, nikakosa mazoezi ya wiki mbili. Niliporudi nikamkuta Neema (si jina lake), binti wa nyuma kabisa ambaye juzi tu tulikuwa tunamfundisha kushika upinde, ametulia kwenye kiti changu.

"Inuka," nikamwambia.

"Shikamoo dada, pole na msiba. Siku hizi tunazunguka, wewe umepangwa kule nyuma," akanijibu huku anacheka.

Kule nyuma! Mlangoni, wanakokaa wanaojifunza! Nikaona wamesubiri niende kuzika ndipo wanishushe. Nikamkwida blauzi nikamvuta, akang'ang'ania kiti kwa mkono wa kushoto. Ni vile viti vya chuma vya kukunja. Nikakipiga teke kwa nguvu zangu zote, kikajikunja na vidole vyake ndani. Mfupa niliusikia. Alipiga yowe, damu ikamwagika kwenye noti, na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza teke la pili. Mwalimu wetu wa muziki alipokuja kuamua nikamzaba kofi, miwani ikaruka. Wanaume watatu ndio walionibana ukutani.

Jioni kiongozi alikuja nyumbani kunieleza nilichokikosa. Mwalimu alikuwa ameweka utaratibu: kila mwezi tuhame, wa nyuma waje mbele na wa mbele waende nyuma, asiyehama ni kiongozi peke yake. Nyuma watu hawasikii vizuri, wanachelewa mapigo, kwa hiyo alitaka aanze kwenda mtu mwenye uhakika. Mtu huyo ni mimi. Tena Neema alikuwa ameomba abaki kulekule nyuma ili ajifunze kwangu, mwalimu akamkatalia. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Wazee wa kanisa walitukalisha, nikapiga magoti, Neema akasema amenisamehe. Nikasimamishwa miezi mitatu. Vidole vyake viwili havinyooki tena, hawezi kubonyeza nyuzi. Lakini mazoezini haachi kuja. Anahama na wenzake kila mwezi, na kazi yake ni kumgeuzia kurasa yule aliyepangwa naye.

Jumamosi iliyopita nimerudi. Mwalimu akasoma mpangilio wa mwezi ujao: mimi na Neema, stendi moja. Akamuuliza mbele ya watu kama nihamishiwe kwingine.

"Aje tu, mwalimu," akasema, akanitabasamia.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Badala ya kushukuru, nilisikia mikono inaniwasha. Nilitamani anitukane, anitemee mate, anirushie kiti na mimi nivunjike. Upole wake unanichoma, na nikichomwa huwa napiga. Nikiacha okestra, watasema hata kule kumwomba radhi kwangu kulikuwa maigizo. Nikienda, nitapiga violini kila wiki vidole vile vikinifungulia ukurasa.

Mazoezi ni keshokutwa. Nitukaneni mkitaka, ila mnijibu: mtu kama mimi akakae pale pembeni yake, au aondoke kabla hajamwaga damu tena?