Siku Niliyomziba Mdomo Mama Mkwe

Wiki moja baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa kule Mazingara, mume wangu alishindwa kufungua kinywa ale ugali. Nilidhani amenuna. Kumbe ni ule msumari aliokanyaga tukibomoa nyumba ya zamani. Kidonda kilishafunga, tukakisahau. Kufika jioni shingo ilikuwa imekakamaa. Lori la kijiji likatupeleka hospitali ya Korogwe.

Chumba walichompa kilizibwa madirisha kwa mablanketi. Ukikohoa tu, mwili wake ulijipinda kama upinde, meno yakasagana, naye akili zake timamu, anakutazama. Kila baada ya saa kadhaa mganga msaidizi alimchoma sindano.

Nje, barazani, nilimuuliza ile ni dawa gani.

"Mama, seli za ubongo na uti wa mgongo hupelekeana ujumbe," alisema. "Nyingine husema kaza, nyingine husema tulia. Sumu ya pepopunda imezizuia hizi za tulia. Sasa seli inayopokea ina vipokezi, kama vijilango. Neno tulia likifika, vinafunguka, seli inapoa. Dawa hii inavifanya viitikie zaidi hata hilo neno kidogo lililobaki."

"Basi mwongezee."

"Nikizidisha atapoa mpaka aache kupumua."

Tangu hapo nilikaa nahesabu pumzi zake.

Siku ya sita mama mkwe alifika kutoka Dindira. Alisimama mlangoni, akamwona mwanawe, akavuta pumzi ya kupiga yowe. Nilimrukia. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikambana ukutani. Mkwe wangu, ambaye hata kumtazama usoni nilikuwa sithubutu! Meno yake yalinichoma kiganjani. Kitandani mgongo uliinuka kidogo, ukatetemeka, ukashuka. Nikamtoa mama mkwe nje.

"Umenishika mdomo," alisema.

"Nisamehe, mama. Sauti itamuua." Nikamweleza nilivyoelezwa, kwa Kiswahili changu chenye Kizigua, na mikono.

Alivua viatu, akaingia pekupeku, akakaa chini. Kwa siku nyingi tulipokezana pale bila neno, hadi asubuhi moja mume wangu alipomeza uji kijiko kizima, akaomba cha pili.

Alipona, ingawa alitembelea fimbo mpaka mavuno. Mama mkwe hakulitaja jambo lile hata mara moja. Amefariki, na sijui kama alinisamehe.