Kuku ya Kwanza Niliyochinja Mwenyewe

Miaka mingi nimefuga kuku na sikuwahi kuchinja hata moja. Wamama wa avenyu yetu walikuwa wananicheka. Walisema mimi nafuga kuku kama watoto wa internat, wale wanalala kwa masomo: zinakula, zinanenepa, zinaenda kwao. Niliwaacha wacheke. Ile ya kuuzisha niliipeleka sokoni nzima, miguu imefungwa na kamba ya mugomba. Ile ya kula, siku ya Noeli ao ya Pasaka, niliipeleka kwa muzee jirani.

Muzee huyu ni Muislamu. Babu zake walitoka upande wa pwani, wakafanya biashara Uvira, na yeye akahamia Bukavu akiwa kijana. Hapa Kadutu tunakaa nyumba tatu kwa parsele moja, kiwanja kimoja, na tulikuwa na desturi yetu: yeye ndiye anachinja za wote, ili sahani ikipita kila mutu akule, Mukatoliki na Muislamu. Akianza, mimi naingia ndani, nafunga mulango. Narudi wakati damu imekwisha kufunikwa na majivu. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Hilo la kwanza namushukuru.

Mwaka uliopita alipooza upande wa kuume. Mukono wake ukabaki kama kitu ya mutu mwingine aliyomuachia ashike. Noeli ile hatukula kuku.

Kisha mutoto yangu akazaa. Ni mutoto wangu mumoja tu, yule niliyefika naye katika muji huu akiwa kwa mugongo. Alitoka maternite akiwa mweupe midomo, damu ilikuwa imemutoka mingi, na maziwa haikuja. Kale katoto kake kalinyonya, kakanyonya, hakakupata kitu, kakalia na sauti ya paka ndogo, na kufika siku ingine hata ile sauti ikaanza kupunguka. Infirmiere, muuguzi wa pale, aliniambia wazi: huyu mama akule, akunywe supu ya nyama asubuhi na mangaribi, la sivyo katoto hakatashika. Mukwe wangu alikuwa kule kwa kareri, machimbo ya dhahabu, njia imefungwa, telefone haipiti. Mwanaume mwingine kwa nyumba yetu hakuna.

Kuku nilikuwa nazo. Mama yao niliinunua Nyangezi, ikatotoa, na zile zake zikatotoa. Zilikuwa zinatembea mbele ya mulango wangu, zinakwaruza udongo, na mutoto yangu ndani anakauka.

Watu waliniambia: si uipeleke kwa yule wa kasoko? Kwa kasoko, ile soko ndogo ya avenyu yetu, kuko mwanaume mumoja anachinjia watu. Anafanya mbio na kwa usafi, siwezi kumusingizia. Lakini ni demobilize, mupiganaji wa zamani aliyerudisha bunduki. Akikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, anahadisia vita vyake: sisi tulipita Bunyakiri, tukatelemuka mupaka Hombo, pale watu walitujua. Anacheka. Na wale wanamulipia chupa wanacheka naye. Mimi natoka Bunyakiri. Sisemi ni yeye aliingia kwangu, sura zote sikuziona. Nasema tu kwamba yeye mwenyewe anasema alipita, na mimi najua waliopita walifanya nini. Ile supu ilikuwa ya kuleta maziwa, na yale maziwa ya kuingia kinywani mwa mujukuu yangu. Haingepita kwa mukono yake.

Basi asubuhi moja nikakamata jike moja, ile nyekundu iliyokuwa imeacha kutaga, nikaenda nayo kwa muzee, pamoja na kisu. Alikuwa ameketi kwa kiti chake nje, kwenye jua. Binti yake, anauzisha vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, sokoni, alikuwa amekwisha kwenda. Nikamwambia muzee, nifundishe.

Aliniangalia, akaangalia ile kuku.

“Mama, unaishika kama mutoto wa ubatizo,” akasema. “Hiyo haiendi kwa padri. Weka chini.”

Nikaweka. Akaniambia niipe maji kwanza, ikakunywa. Akaniambia nielekeze kichwa kule anakoelekea yeye akiomba, nikanyage mabawa na muguu mumoja, miguu yake na muguu mwingine, bila kuikandamiza sana. Nilifanya yote. Ilikuwa imetulia kuliko mimi. Kisha akanyoosha mukono wa kushoto, akaomba kisu, apime.

Akapitisha ukucha wake kwa makali. Akapitisha tena.

“Hiki unakatia nini?”

Nikamwambia sombe, majani ya muhogo, natwanga kwa kinu, kitunguu navunja, nyama wanakata sokoni. Akasema na kisu hiki hata mukate ungelalamika. Akasema kuku ikikatwa na kisu ya namna hii inateswa, haichinjwi, na yeye jina la Mungu hatalisema juu ya mateso. Akanituma nikanoe.

Ni pale nilisimama kama kijiti. Kwa nyumba yangu visu vyote ni butu. Si uvivu. Tangu nifike Bukavu sijanoa kisu, na kikinunuliwa kipya nakipiga kwa jiwe mupaka makali iishe. Mutoto yangu amekulia katika nyumba ambamo nyanya inakamuliwa na vidole, akafikiri ndivyo watu wote wanafanya.

Kuku ikawa chini ya muguu yangu, inapepesa jicho. Ndani ya nyumba katoto kalianza kulia, kakanyamaza, na ule unyamavu ndio ulinifungua kinywa.

“Muzee,” nikamwambia, “siku ile, kisu kilikuwa cha jikoni yangu. Mimi nilikinoa asubuhi.”

Hakuuliza ni siku gani wala nani alikufa. Nafikiri kila mutu wa Kivu wa umri wetu anaweza kumalizia mwenyewe. Kisha akasema:

“Kisu hakikutembea, mama. Walikuwa watu. Sema ni nani.”

Hakuna mutu aliyeniambia hivyo kabla yake. Kwa Kanisa waliniambia nisamehe. Wale wa semina za mashirika, wenye vyakula vya bure na biki, waliniambia nichore mawazo yangu kwa karatasi. Ndugu za marehemu bwana yangu waliniambia ninyamaze, sababu shamba lilikuwa limebaki na wao walikuwa wanalima. Muzee huyu aliniambia nitaje.

Akaniambia nifunge kuku miguu kwanza, nilete jiwe. Jiwe akalishika yeye, kwa mukono wake ule muzima, akalibana kati ya goti na kiti. Mimi nikashika kisu. Nikakipitisha, nikakirudisha. Ile sauti, sijui nitaiandika namna gani. Niliisikia kwa meno. Nikageuka nikatapika kando ya ukuta, nikapangusa kinywa na kikwembe, nikarudi. Muzee alikuwa bado anashika jiwe.

Na nikataja. Nikasema ni shefu wa kijiji yetu. Wale wenye bunduki hawakujua njia ya nyumba yangu. Yeye alitembea mbele yao, akawaonyesha, huku alikuwa amekunywa pombe yangu juma ile ile, akinisifu. Bwana yangu alikuwa amekataa kumutolea kipande cha shamba. Ni hicho tu. Nikataja jina lake na la baba yake. Nikasema leo anakaa Muhumba, kwa matajiri, nyumba ya etaje, ya gorofa, bustani imekatwa vizuri, na Jumapili anashika kikapo ya sadaka kanisani kwa mikono yote miwili. Nikamutaja na yule shemeji aliyekaa kimya ili alime. Kila jina, kisu kinaenda. Kila jina, kinarudi. Hapa siandiki majina hayo, lakini pale niliyasema yote, kwa sauti ya kawaida, kama mutu anahesabu watu wa familia.

Muzee hakusema pole. Alisema tu, “Mwingine?” Na wakati hapakuwa mwingine tena, akapima makali na ukucha.

“Sasa hiki ni kisu,” akasema.

Nikarudisha kuku mahali pake. Nikanyonyoa manyoya kidogo kwa shingo, namna alinionyesha. Nikaweka kisu pale, na yeye akainama kutoka kwa kiti, pumzi inamuishia, akaweka ule mukono wake wa kushoto juu ya wangu. Ulikuwa wa moto kwa sababu ya jua. Akasema mimi nasema, wewe unakata. Akasema, “Bismillahi, Allahu Akbar.” Nikakata. Ilikuwa mara moja. Nilifikiri itakuwa kitu kirefu.

Ilitingishika, nikaikanyaga, ikatulia. Niliiangalia mupaka mwisho. Sikuingia ndani, sikufunga mulango. Damu ilikuwa kidogo kuliko ile niliyoiogopa miaka yote. Nikaifunika na majivu mimi mwenyewe.

Kazi iliyobaki niliiharibu. Maji niliacha ikachemuka kupita, nikatumbukiza kuku, na nilipovuta manyoya ngozi ikaja nayo. Muzee alinikemea kwa mbali, akasema nimevulisha maskini kanzu na ngozi pamoja. Lakini nyongo sikuipasua, hilo alinisifu. Nikaibabua juu ya makaa, nikakata vipande, nikapika na kitunguu, tangawizi na chumvi, moto kidogo, muda murefu, mupaka mafuta ya manjano ikapanda juu.

Muzee nilimupelekea sahani yake. Nilikuwa na wasiwasi, nikamuuliza kama ataweza kukula, kwani mukono uliokata ulikuwa wangu. Akajibu kwamba yeye ndiye alisema maneno na mukono wake ulikuwepo, na kama kuna mutu wa musikiti ana swali, akuje kabla nyama haijaisha. Alikula polepole. Akatoa mufupa kinywani, akasema jike hili lilikuwa lizee kama yeye.

Mutoto yangu alikunywa bakuli moja, akalala. Mangaribi akakunywa ingine. Niliendelea na uji wa sosoma, ule wa soya, mutama na mahindi, katikati, na kesho yake supu tena.

Mimi sijamusamehe yule shefu, wasinisemee. Nikimuona katika motokari yake natema mate kando ya njia na nitaendelea kutema. Lakini namushukuru Mungu, namushukuru yule muzee aliyenishikia jiwe kwa upande mumoja tu wa mwili. Na ile kuku pia, ingawa watu watacheka.

Kesho kutwa yake, nikiwa nafagia, mutoto yangu akaniita. Nikaacha fagio, nikakimbia. Alikuwa ameketi kwa kitanda, blauzi yake imelowa mbele, na katoto kanameza kwa sauti, maziwa inatelemuka kwa shavu sababu ilikuwa mingi kuliko kinywa.

“Maman,” akasema, “supu ingine iko?”

Haikuwepo, ile kuku ilikuwa imekwisha. Nikatoka nje na kisu, nikaanza kuchagua ingine.