Mfumo Tuliojichimbia

Jina la mfumo ninaoutumia kwenye kompyuta yangu sipendi kulitaja. Zamani nililitaja, na mwalimu mwenzangu akaniuliza kama hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Chumba kizima cha walimu kikacheka, nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo nasema tu "mfumo wangu". Ninamaanisha ile programu mama inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa na kubeba nyingine zote mgongoni. Karibu kila mtu ninayemjua anatumia ule uliokuja na mashine kutoka dukani. Mimi natumia ule ambao lazima uutafute mwenyewe, uupakue, uuweke kwenye flashi, na uombe stima isipotee katikati.

Sitadanganya kwamba ni raha tupu. Printa ya shule hainitambui mpaka leo. Programu ya kujazia alama za wanafunzi haifunguki kwangu, kwa hivyo kila mwisho wa muhula naenda kupanga foleni kwenye kompyuta ya ofisi. Mkuu wa shule aliwahi kuniambia kwa upole, "Madam, si utumie tu ile ya watu?" Nilimjibu kwamba nitafikiria. Sikufikiria. Mimi nikishika jambo nimelishika, na nyumbani kwetu, huku karibu na Mitaboni, wanasema huo ugumu wa kichwa niliutoa kwa baba.

Nilianza kwa sababu ya umaskini, si kwa falsafa. Laptopu yangu ilikuwa ya mitumba. Siku moja ule mfumo wa watu ukaniandikia kwenye kioo kwamba toleo jipya haliwezi kuingia humo, mashine imepitwa na wakati, afadhali ninunue nyingine. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa inawaka, kibodi nzima, kioo hakina hata ufa. Iliambiwa imezeeka na mtu asiyewahi kuiona. Nilikasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na kwa hasira ile nikajifunza kuweka mfumo mwingine. Ukaingia, na mashine ikakimbia kuliko siku niliyoinunua.

Hiyo ni sababu ya kuanza. Sababu ya kubaki ni baba.

Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa upande wa Kangundo. Alipiga taipureta miaka mingi, vidole kumi vyote, macho yakiwa kwenye karatasi na si kwenye herufi. Alipostaafu, presha ya macho ikaanza kumla kidogo kidogo, na kufikia mwaka juzi hakuwa anaona hata mkono wake. Hakulalamika. Alijifunza njia ya choo kwa kuhesabu hatua, na akatukataza kumshika mkono.

Kisha tukaenda kumzika jirani. Jirani huyo alijulikana kwa kusogeza mpaka wa shamba lake kila mvua ikinyesha, na mwanakijiji mmoja alikuwa bado na kesi naye kwa chifu. Wasifu wake ukasomwa pale kaburini: alikuwa mpenda amani, mtetezi wa wanyonge, mtu asiyependa cha mwenziwe. Watu waliangalia viatu vyao. Baba alingoja mpaka tulipofika nyumbani.

"Mimi sitaki kusomewa uongo," akasema. "Wasifu wangu nitaandika mwenyewe."

"Nitakuandikia, nau," nikamwambia. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikamba.

"Hapana. Ukiandika wewe, utanihurumia. Nataka niandike, nisikie nimeandika nini, nirekebishe. Peke yangu."

Alikuwa na miaka themanini na kifua kisichopona. Wote tulielewa kwamba hatuna mwaka wa kupoteza.

Kaka yangu mkubwa, ambaye anakaa Syokimau na kufanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Nairobi, alikuja Jumamosi iliyofuata na laptopu mpya. Ilikuwa zawadi nzuri, na aliinunua kwa moyo safi; hilo nalisema wazi. Ilikuwa na mfumo wa watu, na ndani yake msomaji wa sauti, yaani ile programu inayosema kwa mdomo kila kinachoandikwa. Baba akaketi mbele yake kwenye veranda, amevaa koti.

Kitu cha kwanza, mashine ikamwambia aangalie kamera ili imtambue uso. Kaka akacheka kwa aibu, akapita hapo haraka. Kisha ikataka barua pepe, nywila, na nambari iliyotumwa kwenye simu. Baba alipofaulu kuandika sentensi yake ya kwanza, kwa Kikamba, ile sauti ikaisoma kama mtalii anayeuliza njia ya kwenda Masii. Baba hakuelewa hata neno moja la maneno yake mwenyewe.

Siku ya nne niliporudi kutoka shule nilimkuta ameketi palepale, vidole juu ya kibodi, chai imepoa kando. Mashine ilikuwa imeamua kujisasisha tangu asubuhi, na kioo kilikuwa kikimwomba asiizime, yeye asiyeweza kukisoma. Alikuwa amengoja kwa saa tano.

"Mama, nimeiharibu?" akaniuliza, akiniita mama kama alivyozoea.

Baba yangu hakuwahi kuniuliza swali kwa sauti ile. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, na nilipomaliza kulia nikaleta laptopu yangu ya mitumba.

Kaka alipiga simu kunizuia. "Kwani hiyo kitu yako iko na nini? Hata mimi mwenye niko kwa hii kazi siwezi kuitumia. Ikikwama utaita nani?"

"Nitajiita," nikamwambia.

Nilipanga mfumo wangu kwa namna moja tu: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, unafungua ukurasa mtupu na kusema "karibu". Hauulizi jina. Haujisasishi mpaka mimi niuambie. Ulikuwa na sauti ya Kiswahili, kavu kama ya makanga wa matatu aliyechoka, lakini inaeleweka. Kikamba haukuwa nacho. Hapo ndipo niliandika kwenye ukumbi wa mtandaoni wa watu wanaotengeneza sauti ile, wengi wao wakifanya kazi hiyo bila malipo, nikaeleza shida ya baba. Nilitarajia kunyamaziwa. Mtu mmoja nisiyemjua nchi wala rangi akanijibu asubuhi yake: kanuni za matamshi ziko kwenye faili hili, ni maandishi ya kawaida, lifungue, libadilishe, nikikwama nimwite.

Nilimsomea baba jibu hilo. Akageuza kichwa upande wangu.

"Anatudai nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kazi ya bure. Hiyo ni mwethya."

Mwethya ni kile kikundi cha kazi ambacho kilichimba nusu ya vilima unavyoviona huku. Leo mnaenda kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na jembe lake, mnachimba mitaro ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. Hakuna anayelipwa. Lakini aliyechimbiwa akakosa kuchimbia wengine alitajwa mbele ya wote, na kutajwa huko kulikuwa kubaya kuliko faini. Niliposoma habari za mifumo hii kwenye mitandao, watu waliandika kurasa na kurasa kueleza kwa nini mtu afanyie kazi kitu kisicho chake. Baba alieleza kwa neno moja na akarudia chai yake.

Tulilifanyia faili lile kazi wiki tatu. Yeye alitamka neno, mimi nikabadilisha kanuni, mashine ikasoma, yeye akatingisha kichwa. Tena. Neno la maji lilitumaliza siku nzima. Kuna Alhamisi nilikosea mahali, na sauti yote ikanyamaza, Kikamba na Kiswahili pamoja. Kwa siku mbili baba hakuwa na kitu cha kusikiliza. Kaka alipopata habari hakusema "nilikuambia", lakini nilimsikia akikosa kulisema. Baba akaniambia, "Mtaro ukibomoka huhami shamba. Rudi pale ulipoanzia kupima." Nikarudi kwenye nakala ya Jumatano, nikapanda mstari kwa mstari, nikakuta nimesahau alama moja. Sauti ikarudi. Nikaipigia makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Wiki ya nne ilisoma Kikamba. Si Kikamba cha kanisani, ni Kikamba cha mtu aliyeolewa huku kutoka mbali, lakini baba alikielewa. Kabla ya kuandika neno moja la wasifu wake, alikataa kuendelea mpaka nitume faili letu kwa wale watu ili mwingine alitumie. Nilituma. Yule mtu akashukuru.

"Ni wa ukoo gani?" baba akauliza.

"Nau, huyo hata si Mkamba."

"Basi mwambie akija tutamchinjia kuku."

Nilimwandikia hivyo hivyo.

Baada ya hapo baba aliandika kila asubuhi, na hakuna aliyeruhusiwa kukaribia. Tulisikia vidole, halafu ile sauti kavu, halafu vidole tena. Mama alikuwa anakaa upande wa pili wa veranda akichambua mbaazi kwenye uteo, nzuri anatupa ndani ya sufuria. Mama ni mtu wa maneno machache. Alikuwa hajasema lolote kuhusu kompyuta hiyo, zuri wala baya.

Siku baba alipomaliza alituita tuje tusikilize, mimi na kaka aliyekuwa amekuja kwa mapumziko. Akabonyeza. Sauti ikaanza: alizaliwa wapi, shule aliyoikimbia mara mbili, kiwanda cha kahawa. Alijiandika bila huruma, nilivyotarajia. Alisema aliwahi kulewa mshahara wa mwezi mzima. Alisema alimpiga kaka siku moja bila kosa. Kaka akaangalia mbali. Kisha sauti ikasoma: shamba hili lilikuwa mawe na makorongo, nami nikalipima ngazi zote kumi na mbili kwa mikono yangu.

Mbaazi zikaacha kulia kwenye sufuria.

Mimi sikuelewa kwa nini. Tangu utoto tuliambiwa kwamba ngazi hizo, yaani yale matuta ya fanya juu yanayoshuka shambani, ni za baba. Wageni walionyeshwa, hata afisa wa kilimo alimpongeza. Sauti iliendelea kusoma kwa ukavu wake, haina aibu, haijui kuficha. Angekuwa mtu anayesoma, angeweza kupita hapo kwa kikohozi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mama. Asiyeona husikia kitu kikinyamaza. Akabonyeza kitufe, akasimamisha.

"Mniache," akasema. "Kuna mahali sijamaliza."

Kaka alitaka kumsaidia kutafuta mstari. Baba akamzuia kwa kiganja. Alirudi nyuma sentensi moja moja, akisikiliza kila moja, mpaka akafika pale. Nikasikia kitufe cha kufuta kikibonyezwa kwa muda mrefu. Kisha vidole kumi, polepole. Tulisimama mlangoni tukijifanya hatupo. Nilifikiria printa isiyonitambua, foleni ya kompyuta ya ofisi, ile Alhamisi ya ukimya, na sikujuta hata moja. Mzee alikuwa na uongo wa miaka hamsini wa kuondoa, na hakuhitaji kumwomba mtu yeyote amshike mkono.

Akatuita tena, akabonyeza. Sauti ikasoma: ngazi zote kumi na mbili za shamba hili zilipimwa na mke wangu, kwa kamba na pima maji ya kuazima, akiwa na mtoto mgongoni, nami nikiwa kazini Kangundo.

Mama akaweka uteo chini, akapangusa mikono kwenye leso yake.

"Ilikuwa Jumamosi," akasema. "Hukuwa kazini. Ulikuwa umelala."

Baba akageukia kibodi, akatafuta kwa kidole kile kitufe cha kufuta.