Muuguzi Aliyekula Ini Bichi

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza kule Nyaishozi, muuguzi wa misheni alikuwa mwanamke wa Grinlandi, nchi ya barafu. Alikuja na Wazungu lakini hakufanana nao, nasi tukamtilia shaka tangu mwanzo. Siku moja kulichinjwa ng'ombe, nikamkuta muuguzi huyo nyuma ya jiko akila ini bichi.

"Mama, tafadhali usiwaambie wale Wazungu," alisema. "Kwetu hiki ni chakula. Wao wanakidharau."

Nikamkumbatia mwanangu, nikaondoka bila kuaga. Wazungu sikuwaambia, ila nyumbani nilisimulia yote. Tangu hapo wanawake walikataa kuzalishwa naye, na kabla kahawa haijaiva akahamishwa. Mimi ndiye niliyemponza, na sikupata kumwomba radhi.